Maziwa ya Mama kwa Mtoto Njiti: Historia ya Ulishaji Wodini, kutoka Paris hadi Singida

Mtoto njiti ni mtoto aliyezaliwa kabla ujauzito haujatimiza wiki 37. Aliyezaliwa kabla ya wiki 32 ni njiti wa mapema sana, na mara nyingi uzito wake haufiki kilo moja na nusu. Mtoto huyu hawezi kunyonya. Uwezo wa kunyonya, kumeza na kupumua kwa mpangilio hukomaa karibu na wiki ya 34; kabla ya hapo maziwa ya mama hukamuliwa na kupitishwa kwenye mrija mwembamba unaoingia puani au mdomoni na kushuka hadi tumboni. Maziwa hayo ndiyo chakula bora kuliko vyote kwake, lakini kwa mtoto mdogo kiasi hicho hayakidhi mahitaji yote ya mwili. Kwa sababu hiyo madaktari waliweka utaratibu wa kuyaongezea virutubishi kabla ya kumpa mtoto. Historia ya ulishaji wa watoto hawa ilianzia kwenye wodi za Ulaya katika karne ya 19, ikapitia Makerere, Bogotá, Dar es Salaam na Nairobi, na leo inagusa wodi za mikoani, zikiwemo za Singida.

Pengo la virutubishi

Miezi mitatu ya mwisho ya ujauzito ni msimu wa kuweka akiba. Katika kipindi hicho mtoto hupokea kupitia kondo la nyuma takriban asilimia 80 ya kalsiamu ya mifupa yake, pamoja na sehemu kubwa ya madini ya chuma na mafuta ya mwili. Anayezaliwa katika wiki ya 28 huikosa akiba hiyo karibu yote, na bado anatakiwa kukua kwa kasi ileile ambayo angekua akiwa tumboni.

Hesabu ya mtoto mmoja inaonyesha ukubwa wa pengo. Mtoto mwenye gramu 1,200 anayepewa maziwa mililita 160 kwa kila kilo ya uzito wake hupata mililita 192 kwa siku. Maziwa ya mama aliyejifungua kabla ya wakati huwa na protini nyingi katika siku za mwanzo, lakini baada ya wiki nne hivi hushuka hadi karibu gramu 1.2 kwa kila mililita 100. Kwa hiyo mtoto huyo hupata gramu 2.3 za protini kwa siku, ilhali anahitaji angalau gramu 4.2. Upungufu wa kalsiamu na fosforasi huwa mkubwa zaidi, na mtoto akikaa hivyo kwa wiki nyingi mifupa hulegea na inaweza hata kuvunjika anaposhikwa.

Unga wa virutubishi hutengenezwa ili kuziba pengo hilo. Kwa kawaida huongeza gramu moja hivi ya protini katika kila mililita 100 za maziwa, pamoja na nishati, kalsiamu, fosforasi na vitamini. Mtoto wa mfano huo, kwa kiasi kilekile cha maziwa, hufikia gramu 4.2 za protini anazozihitaji bila tumbo lake dogo kubebeshwa maziwa mengi zaidi. Unga huo hauchukui nafasi ya maziwa ya mama. Huchanganywa ndani yake, na pasipo maziwa ya mama hauna kazi.

Singida kabla ya wodi za watoto wachanga

Mkoa wa Singida upo katikati ya Tanzania, kwenye nyanda kame zenye msimu mmoja wa mvua. Ulianzishwa mwaka 1963, miaka miwili baada ya Uhuru, na sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 2,008,058. Wanyaturu na Wanyiramba ndio wengi, pamoja na Wanyisanzu, Wagogo, Wasukuma, Wabarbaig, na Wahadzabe wa upande wa Mkalama kuelekea Ziwa Eyasi. Maisha ya wengi yamejengwa juu ya mtama, uwele, alizeti na mifugo.

Kwa vizazi vingi uzazi ulikuwa jambo la nyumbani, mikononi mwa wakunga wa jadi na wanawake wakubwa wa ukoo. Mtoto aliyezaliwa mdogo alitegemea vitu viwili tu: joto la mwili wa mama na titi. Aliyekuwa na nguvu ya kunyonya alikuwa na matumaini. Asiyekuwa nayo hakuwa na njia ya kufikishiwa maziwa tumboni, na wengi wa aina hiyo hawakuishi. Maziwa ya ng'ombe, ambayo kwa wafugaji hayakosekani, hayakuwa suluhisho. Yana protini karibu mara tatu ya ile ya maziwa ya mama, nyingi yake ni ya aina inayoganda kwa ugumu tumboni, na figo za mtoto njiti haziwezi kumudu mzigo huo.

Huduma za hospitali zilifika polepole. Wamisionari wa Kilutheri wa Augustana, kutoka Marekani, walianza kazi Iramba katika miaka ya 1920, na kutokana na kazi yao zilikua huduma za tiba za Kiomboi na Iambi. Mwaka 1954 masista wa shirika la Medical Missionaries of Mary, lililoanzishwa na Mama Marie Martin mwaka 1937, walifika Makiungu. Baadaye Wamisionari wa Damu Azizi waliijenga Hospitali ya Mtakatifu Gaspar huko Itigi, kando ya reli ya kati. Serikali nayo ilikuwa na hospitali yake mjini Singida, ambayo ndiyo chimbuko la hospitali ya rufaa ya mkoa ya leo. Kwa muda mrefu kazi kubwa ya hospitali hizi ilikuwa kumwokoa mama wakati wa kujifungua. Kumlisha mtoto wa kilo moja kulihitaji elimu ambayo hata katika nchi tajiri ilikuwa bado inatafutwa.

Mwanzo wa ulishaji kwa mrija

Elimu hiyo ilianza Paris. Katika miaka ya 1880 daktari wa uzazi Stéphane Tarnier aliingiza katika hospitali ya La Maternité mashine za kuwahifadhi watoto njiti katika joto, na akafundisha kuwalisha kwa mrija. Mwanafunzi wake, Pierre Budin, aliendeleza kazi hiyo, na mwaka 1900 akachapisha kitabu chake kuhusu malezi ya vichanga, Le Nourrisson. Budin alisisitiza mambo matatu: joto, usafi, na maziwa ya binadamu, yawe ya mama mzazi au ya mnyonyeshaji wa kukodiwa. Aliona pia kwamba mama anayetenganishwa na mtoto wake hupoteza maziwa, na wakati mwingine hupoteza hata hamu ya kumlea. Onyo hilo lilisahauliwa kwa miaka mingi na kulipiwa kwa gharama kubwa.

Mwaka 1909 Theodor Escherich alifungua Vienna kituo cha kukusanya na kuhifadhi maziwa ya akina mama, kinachohesabiwa kuwa benki ya kwanza ya maziwa ya binadamu duniani. Mwaka uliofuata Boston ilianzisha ya kwake. Mtoto aliyekosa mama, au ambaye mama yake alikuwa mahututi, sasa angeweza kupata maziwa ya mwanamke mwingine pasipo kulazimika kunyonyeshwa naye.

Katika miaka ya 1940 upepo uligeuka. Watafiti wa Marekani walionyesha kwamba watoto njiti waliopewa mchanganyiko wa maziwa ya ng'ombe yaliyoondolewa mafuta waliongezeka uzito haraka kuliko waliopewa maziwa ya binadamu. Kipimo kilikuwa mizani, na mizani ilitoa hukumu. Hospitali nyingi za nchi tajiri ziliyaweka kando maziwa ya mama na kuhamia kwenye maziwa ya kopo, mama akazuiwa mlangoni mwa wodi kwa hofu ya maambukizi, na chupa ikawa alama ya tiba ya kisasa. Ni mtindo huo uliosafirishwa baadaye kwenda Afrika pamoja na makopo yenyewe.

Makerere na vita dhidi ya chupa

Afrika Mashariki ilikuwa miongoni mwa mahali pa kwanza ambapo madhara ya chupa yalichunguzwa kwa makini. Kampala, katika miaka ya 1950, daktari Hebe Welbourn aliyeendesha kliniki za watoto aliandika juu ya kuenea kwa chupa na magonjwa ya kuhara na utapiamlo yaliyoandamana nayo. Maji hayakuwa safi, kuni za kuchemshia zilikuwa haba, na unga wa maziwa uliongezewa maji kupita kiasi ili kopo lidumu. Derrick Jelliffe, aliyekuwa profesa wa afya ya watoto Makerere kuanzia mwaka 1959 hadi 1966, aliibeba hoja hiyo hadi kwenye majukwaa ya kimataifa. Mwaka 1978, yeye na mkewe Patrice walichapisha kitabu kikubwa kuhusu maziwa ya binadamu katika ulimwengu wa kisasa.

Kutoka Makerere ileile kilitoka mwaka 1966 kitabu cha mwongozo kilichohaririwa na Maurice King kuhusu tiba katika nchi zenye uwezo mdogo. Fundisho lake kuu lilikuwa kwamba hospitali ya wilaya iache kuiga hospitali ya London na ichague njia zinazowezekana kwa watu na vifaa ilivyonavyo. Hatua kubwa zaidi katika malezi ya mtoto njiti barani Afrika zilikuja kufuata fundisho hilo.

Sera ya Tanzania

Tanzania iliunda chombo chake cha lishe mapema. Mwaka 1973 ilianzishwa Taasisi ya Chakula na Lishe, na mwaka huohuo kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wapatao milioni mbili kwenye vikundi vya kusikiliza redio na kujadiliana. Mwaka 1975 ilifuata kampeni ya Chakula ni Uhai. Lishe ya mama na mtoto ikawa jambo la kuzungumzwa kijijini, badala ya kubaki kwa mganga mkuu peke yake.

Mwaka 1981 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulipitisha kanuni za kudhibiti uuzaji wa maziwa mbadala. Tanzania iliweka kanuni zake za kitaifa mwaka 1994 na kuziimarisha mwaka 2013: kampuni za maziwa ya kopo hazikuruhusiwa kujitangaza kwa umma wala kuwagawia akina mama sampuli za bure. Tangu mwaka 1992 mpango wa hospitali rafiki kwa mtoto ulisisitiza kwamba kichanga aanze kunyonya mapema na asipewe kitu kingine bila sababu ya kitabibu.

Matokeo yanaonekana katika takwimu za tafiti za kitaifa za afya. Mwaka 2004/05 asilimia 41 ya watoto walio chini ya miezi sita walikuwa wakinyonyeshwa maziwa ya mama pekee. Mwaka 2010 walikuwa asilimia 50, mwaka 2015/16 asilimia 59, na mwaka 2022 asilimia 64. Vifo vya watoto wachanga, yaani wale wanaofariki kabla ya kutimiza siku 28, havikushuka kwa mwendo huo. Vilitoka 32 kwa kila vizazi hai 1,000 mwaka 2004/05 hadi 26 mwaka 2010, kisha vikasogea kidogo tu hadi 24 mwaka 2022. Kunyonyesha kuliwasaidia sana watoto waliozaliwa na nguvu ya kunyonya. Waliobaki nyuma, pamoja na wanaozaliwa na matatizo ya kupumua na wenye maambukizi, ni watoto njiti.

Kuzaliwa kwa unga wa virutubishi

Wakati Afrika Mashariki ikipigania titi, Ulaya na Marekani zilikuwa zinarudi kwenye maziwa ya mama kwa njia nyingine. Mwaka 1982 Alan Lucas na wenzake nchini Uingereza walianza kuwafuatilia watoto njiti waliogawanywa katika makundi ya lishe tofauti. Mwaka 1990 walichapisha matokeo ya watoto 926: ugonjwa hatari wa kuoza kwa utumbo ulikuwa mara sita hadi kumi zaidi kwa waliopewa maziwa ya kopo pekee kuliko kwa waliopewa maziwa ya mama pekee. Uzito ulioongezwa na kopo ulikuwa na bei ambayo mizani haikuionyesha.

Matokeo hayo yaliwaacha madaktari kati ya mambo mawili. Maziwa ya mama yaliulinda utumbo lakini hayakutosha kwa ukuaji. Maziwa ya kopo yalikuza lakini yaliuhatarisha utumbo. Katika miaka ya 1980 viwanda vilikuwa vimeanza kutoa unga wa kuchanganya na maziwa ya mama, uliotengenezwa kwa protini ya maziwa ya ng'ombe iliyosafishwa, na unga huo ukawa njia ya kuyapatanisha mahitaji hayo. Baadaye Marekani ilitokeza virutubishi vilivyotengenezwa kwa maziwa ya binadamu yenyewe, lakini bei yake imevifanya viwe nje ya uwezo wa hospitali nyingi duniani.

Miaka hiyohiyo Ukimwi uliivuruga kazi yote. Mwaka 1985 iliripotiwa kwamba virusi vinaweza kupita kwenye maziwa ya mama, na benki nyingi za maziwa zikafungwa. Tanzania, kama jirani zake, ilipitia kipindi kigumu cha kuwashauri akina mama wenye virusi juu ya njia ya kuwalisha watoto, ambapo kila njia ilikuwa na hatari yake. Dar es Salaam ilikuwa miongoni mwa miji ambako watafiti walichunguza kama akina mama wangeweza kuyachemsha maziwa yao nyumbani: chupa ya maziwa huwekwa ndani ya sufuria ya maji, maji yakichemka chupa hutolewa, na joto hilo fupi huua virusi. Kilichofungua njia kwa upana ni dawa. Tangu mwaka 2010 mwongozo wa kimataifa unamruhusu mama mwenye virusi kunyonyesha akiwa anatumia dawa za kufubaza, na Tanzania ilianza mwaka 2013 kuwapa wajawazito wote wenye virusi dawa hizo kwa maisha yao yote. Maziwa ya mama yalirudi mahali pake.

Kutoka Bogotá hadi Dar es Salaam

Mwaka 1978 Edgar Rey Sanabria, daktari wa watoto katika hospitali ya uzazi ya Bogotá, Colombia, alikabiliwa na wodi iliyojaa watoto wawili watatu katika kila mashine ya joto, na maambukizi yaliyowaua. Aliamua kuwatoa watoto waliotulia na kuwaweka kifuani mwa mama zao, ngozi kwa ngozi, usiku na mchana. Njia hiyo ilikuja kuitwa huduma ya kangaruu. Joto la mama liliziba upungufu wa mashine, mtoto alikaa karibu na titi, na mwili wa mama ulitoa maziwa zaidi kwa sababu mtoto alikuwapo. Lile onyo la Budin la mwaka 1900 lilipata jibu.

Tanzania ilitoa mwongozo wake wa huduma ya kangaruu mwaka 2008, na Hospitali ya Taifa ya Muhimbili ikawa mahali pa kujifunzia. Wauguzi kutoka mikoani walijifunza kumfunga mtoto kifuani kwa kitenge, kumsaidia mama kukamua kwa mkono, na kumlisha mtoto kwa mrija na kisha kwa kikombe kidogo. Chupa yenye chuchu iliachwa, kwa kuwa ni ngumu kuisafisha na humzoesha mtoto unyonyaji usiofanana na wa titi.

Baadaye Tanzania ilichangia ushahidi uliobadili mwongozo wa dunia. Hospitali za nchi tano, Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania, zilishiriki katika jaribio la Shirika la Afya Duniani, na watafiti wa Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili walikuwa miongoni mwa waliolifanya. Watoto 3,211 wenye uzito wa kilo 1 hadi chini ya kilo 1.8 waligawanywa. Kundi moja liliwekwa kifuani mara tu baada ya kuzaliwa, na lingine lilisubiri hadi hali ya mtoto itulie, kama ilivyokuwa desturi. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2021 yalionyesha vifo vya asilimia 12.0 katika kundi la kwanza na asilimia 15.7 katika la pili. Tofauti ilikuwa kubwa kiasi kwamba jaribio lilisimamishwa mapema ili watoto wote wanufaike.

Benki ya maziwa ya Nairobi

Mwaka 2019 hospitali ya uzazi ya Pumwani, Nairobi, ilifungua benki ya maziwa ya mama, ya kwanza Kenya. Mama anayechangia hupimwa magonjwa kama Ukimwi, homa ya ini na kaswende. Maziwa yake hupashwa joto la nyuzi 62.5 kwa dakika 30, hupozwa na kugandishwa, kisha hupewa watoto ambao mama zao wamefariki, ni wagonjwa sana, au hawajapata maziwa ya kutosha.

Kwa jamii za Waislamu, zikiwemo nyingi za Singida na Pwani, utaratibu huu unaibua swali la dini, kwa sababu Uislamu unawahesabu walionyonya kwa mama mmoja kuwa ndugu wasioweza kuoana. Chuo cha Fiqhi cha Kiislamu cha kimataifa kilizuia benki hizo mwaka 1985, wakati Baraza la Ulaya la Fatwa liliruhusu maziwa yake kutumika panapokuwa na haja mwaka 2004. Baadhi ya hospitali katika nchi za Kiislamu zimetatua jambo hilo kwa kuandika jina la mchangiaji na la mtoto, kila familia ikajua ndugu zake. Popote benki itakapofunguliwa Tanzania, masheikh na wazee watahitaji kushirikishwa kabla ya jokofu kununuliwa.

Ulishaji wodini leo

Katika wodi ya watoto njiti yenye huduma nzuri, kazi huanza saa za kwanza baada ya kujifungua. Mama husaidiwa kukamua dang'a, yale maziwa mazito ya njano ya siku za mwanzo yenye kinga nyingi. Mtoto wa gramu 1,200 huanzishiwa mililita 12 hadi 24 tu kwa siku nzima, yaani mililita moja au mbili kila baada ya saa mbili. Kiasi hicho humtosha kuanzia, na mama huambiwa hivyo ili asikate tamaa akiona matone machache. Kila siku maziwa huongezwa, lakini hayazidi nyongeza ya mililita 30 kwa kilo, huku muuguzi akiangalia kama tumbo limevimba au mtoto anatapika. Mtoto hupimwa uzito mara kwa mara. Maziwa yakifikia kiwango kinachotakiwa na uzito ukawa hauongezeki vizuri, ndipo suala la virutubishi hufika mezani.

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2022 unaliweka jambo hili kwa tahadhari. Virutubishi vya kuongeza kwenye maziwa havipendekezwi kwa kila mtoto njiti. Vinaweza kutumika kwa waliozaliwa kabla ya wiki 32 au wenye uzito chini ya kilo 1.5. Katika hospitali nyingi za Afrika Mashariki unga huo ni haba, huagizwa kutoka nje, na hutaka mikono safi, maji salama na vipimo sahihi. Kosa la kipimo huweza kuudhuru utumbo uleule unaolindwa.

Pasipo unga huo, ziko njia nyingine zenye ushahidi. Kiasi cha maziwa huweza kuongezwa taratibu. Maziwa ya mwishoni mwa kukamua, yenye mafuta mengi zaidi, huweza kutengwa na kupewa mtoto; utafiti uliofanyika Nigeria na kuchapishwa mwaka 2003 ulionyesha kwamba watoto wa chini ya gramu 1,800 waliongezeka uzito vizuri kwa njia hiyo. Matone ya vitamini D, pamoja na madini ya chuma ya miligramu 2 hadi 4 kwa kilo kwa siku, huziba sehemu nyingine ya pengo. Na mama mwenyewe anahitaji kula, kunywa na kulala, kwa kuwa kukamua mara nane au zaidi kwa siku ni kazi inayochosha mwili.

Hapo ndipo hali ya Singida inapokuwa na uzito wake. Kitaifa, akina mama wanaojifungulia kwenye vituo vya afya walitoka asilimia 47 mwaka 2004/05 hadi asilimia 81 mwaka 2022, na watoto wengi zaidi waliozaliwa mapema wanafikishwa hospitalini wakiwa hai. Lakini mtoto wa wiki 28 huhitaji wiki nyingi za wodi, na mama yake mara nyingi ametoka mbali, Nduguti, Sepuka au vijiji vya Manyoni, ameacha watoto wengine nyumbani na shamba linalongoja mvua ya msimu mmoja. Akirudi nyumbani kwa kukosa mahali pa kulala au chakula, maziwa yake huondoka pamoja naye.

Kwa walioajiriwa, sheria imeanza kulitambua jambo hili. Likizo ya uzazi ya Tanzania ni siku 84, na kwa mapacha siku 100. Mtoto akizaliwa wiki ya 28, siku 84 ndizo hasa zinazobaki hadi wiki ya 40: mama alitakiwa kurudi kazini siku ambayo mtoto wake angepaswa kuzaliwa. Miongoni mwa waliopigania mabadiliko ni Doris Mollel, aliyewahi kuwa Miss Singida na ambaye mwenyewe alizaliwa njiti. Taasisi yake, iliyoanzishwa mwaka 2015, imepeleka vifaa vya watoto njiti hospitalini na kuibeba hoja ya likizo hadi kwa watunga sheria. Mwaka 2025 sheria ya ajira ilirekebishwa, na mama wa mtoto njiti akaongezewa muda wa kufidia wiki zilizokuwa zimebaki. Mkulima wa Ikungi na mfugaji wa Mkalama hawana mwajiri wa kuwapa likizo hiyo; likizo yao inategemea mume, mama mkwe, majirani na hospitali yenyewe.

Miaka zaidi ya 140 ya kazi hii inatoa hukumu moja. Kila mara maziwa ya mama yalipowekwa kando kwa ajili ya kitu kilichoonekana cha kisasa zaidi, watoto walilipa, na kila mara mama aliporudishwa karibu na mtoto, vifo vilipungua. Unga wa virutubishi ni msaada wa kweli kwa mtoto aliye chini ya kilo moja na nusu, na wodi za rufaa za mikoa zinastahili kuwa nao pamoja na wauguzi waliofunzwa kuutumia. Lakini msaada huo hujengwa juu ya msingi, na msingi ni mama aliyepo, aliyeshiba, anayekamua. Kwa hiyo halmashauri inayopanga bajeti ya wodi ya watoto njiti ianze na kitanda cha mama, chakula chake na muuguzi wa kumfundisha kukamua. Na familia yenye mtoto wodini imlimie mama huyo shamba lake na kuwatunza watoto aliowaacha, ili abaki hospitalini hadi mtoto atakapoweza kunyonya mwenyewe.